Filamu ngumu: yanayosemwa na ukweli wake

Filamu ngumu ni ile isiyosimulia hadithi kwa njia iliyozoeleka. Haya ni kwa anayetaka kuwapendekezea wengine filamu za aina hiyo.

Dhana: Filamu ngumu lazima iwe ndefu.

La Jetée ya Chris Marker (1962) ina dakika 28 tu, na karibu yote imeundwa kwa picha za mnato. Anayeanza mpe hii. Akiichukia, amepoteza nusu saa. Kuna mahali pamoja ambapo picha inaacha kuwa ya mnato na kuwa na mwendo kwa sekunde chache. Usimwambie ni wapi.

Dhana: Filamu ikienda polepole, hakuna kinachotokea.

Hii ndiyo dhana inayowanyima watu mengi. Jeanne Dielman ya Chantal Akerman (1975) inachukua dakika 201 kuonyesha siku tatu za mjane mmoja wa Brussels, sehemu kubwa akiwa jikoni. Siku ya kwanza kila kitu kina wakati wake: viazi, taa, kitanda. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na hapo utaratibu wote unaanza kufumuka. Aliyechezea simu siku ya kwanza ataona viazi tu, kwa sababu hakuujua utaratibu kabla haujaharibika.

Kwa hiyo unapoipendekeza, toa na masharti: atenge saa tatu na nusu, simu ibaki chumba kingine. Akilazimika kukatisha, asubiri maandishi yanayotangaza kwamba siku imekwisha. Na runinga ikiwa na kipengele cha kulainisha mwendo, akizime, maana huifanya filamu ionekane kama tamthilia ya video.

Dhana: Usipoelewa, huna elimu ya kutosha.

Djibril Diop Mambéty, aliyeongoza Touki Bouki (Senegal, 1973), hakusomea filamu popote. Vijana wawili wa Dakar wanatafuta nauli ya kwenda Paris, ila ndoto na mambo halisi yanaingiliana bila taarifa. Usihangaike na mfuatano. Shika vinavyojirudia: pikipiki yenye pembe za ng'ombe, wimbo wa Josephine Baker.

Dhana: Mtazamaji jasiri mpe chochote.

Hapana, ugumu una aina zake. Kwanza muulize ni filamu gani aliiacha katikati, na kwa nini. Aliyesema "ilinichosha" asianze na Akerman. Asiyevumilia damu aambiwe mapema kwamba mwanzoni mwa Touki Bouki ng'ombe wanachinjwa kweli. Kuficha jambo kama hilo ni kumkosea mtu.

Anayelalamika kwamba hakuelewa, lakini anapenda muziki, mpe Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman (2021), iliyopigwa Rwanda, yenye wachimbaji wa koltani (madini ya kutengenezea vifaa vya kielektroniki) na wadukuzi wa Burundi. Kiswahili kimo, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, kwa hiyo ahakikishe maandishi ya tafsiri yamewashwa. Mwambie pia kwamba mhusika Neptune anaigizwa na watu wawili tofauti. Wengi hupotea hapo, wakidhani ameingia mhusika mpya.