Je, wajua kwa nini kipimo kilekile huaminika hospitali kubwa na kupotosha katika kituo cha afya?

Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walichapisha hesabu fupi ambayo hadi leo ni mlango wa kuelewa jambo hili. Kwa kutumia takwimu za Marekani na Uingereza, walikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja 750 huumwa au kuumia kwa namna fulani, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, 5 hupewa rufaa kwa daktari mwingine, na mmoja tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Watafiti wengi hukaa huko anakofika huyo mmoja, kisha wanayoyagundua kwake hutumika kwa wale 250.

Tazama kinachotokea. Chukua kipimo kizuri: katika kila wagonjwa 100 hunasa 90, na katika kila wazima 100 huwatambua 90 kuwa ni wazima. Kipeleke kliniki ya bingwa, ambako nusu ya wanaopimwa wanaumwa kweli kwa sababu walishachujwa njiani. Kati ya watu 1,000, wagonjwa 500 kitawanasa 450, na wazima 500 kitawabambikia ugonjwa 50. Wanaoambiwa "unao" ni 500, na 450 kati yao wanao kweli. Tisa kwa kumi.

Sasa kilete kituo cha afya, ambako wenye ugonjwa huo ni 10 tu katika 1,000. Kitanasa 9. Lakini wazima ni 990, na 99 watabambikiwa. Walioambiwa "unao" ni 108, wenye ugonjwa ni 9: mmoja kwa kumi na wawili. Kipimo hakijaharibika wala mpimaji hajakosea. Waliobadilika ni watu waliokaa kwenye benchi. Ila geuza upande wa pili uone thamani yake: walioambiwa "huna" ni 892, na mgonjwa aliyeponyoka ni mmoja. Katika huduma ya msingi, kipimo cha namna hii kinafaa zaidi kuondoa shaka kuliko kuthibitisha ugonjwa.

Na hata hiyo 90 kwa 100 huenda isisimame. Mgonjwa huja kituoni mapema, dalili hazijakomaa. Homa ya uti wa mgongo katika saa za mwanzo yaweza kufanana na mafua ya kawaida. Shingo hukakamaa baadaye. Kipimo kilichojaribiwa kwa walioumwa sana, kikalinganishwa na watu wenye afya tele, kitapata alama kisizostahili.

Ndiyo maana utafiti wa haki hufanyika kituoni penyewe. Husajiliwa kila anayekuja na lalamiko linalochunguzwa, kwa mfululizo, bila kuchagua. Hapo mkwamo wa kwanza hujitokeza: huwezi kumfanyia kila mwenye maumivu ya tumbo uchunguzi mzito ili kujua ukweli. Wasiohitaji uchunguzi huo hufuatiliwa kwa wiki au miezi kadhaa, na ukweli hujulikana kwa yaliyowapata. Mkwamo wa pili ni foleni. Tabibu aliyelemewa humwandikisha mgonjwa mwepesi wa kueleza na kumruka mwenye matatizo matano, kwa hiyo lazima liwepo daftari la wote waliostahili, pamoja na sababu ya kila aliyeachwa.

Kulinganisha tiba au utaratibu mpya kuna ugumu wake. Daktari akishafundishwa namna mpya ya kuongea na mgonjwa kuhusu dawa, hawezi kuisahau mgonjwa anayefuata aingiapo. Basi kura ya bahati hupigwa kwa vituo vizima: hiki kifuate utaratibu mpya, kile kibaki na wa zamani. Lakini wagonjwa wa kituo kimoja hufanana, na kufanana huko kuna gharama. Tuseme kiwango cha kufanana (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa) ni 0.05 na kila kituo kinatoa watu 20. Chukua 20, toa 1, zidisha kwa 0.05, jumlisha 1: unapata 1.95, kizidishio cha idadi ya watu. Utafiti uliohitaji watu 400 sasa unahitaji 780, yaani vituo 39. Ukijaribu kukwepa kwa kuchukua watu 100 kila kituo, kizidishio kinapanda hadi 5.95, na watu wanaohitajika ni 2,380. Kosa hili la kurundika watu katika vituo vichache huua tafiti nyingi zenye nia njema. Ongeza vituo. Na ikiwezekana, sajili wagonjwa kabla ya kura, maana kituo kikishajua kipo upande gani, usajili huanza kuelemea upande mmoja.

Yapo pia maswali ambayo hospitali haiwezi kuyajibu. Mwaka 1929 homa ya ini, ile inayogeuza macho kuwa manjano, ilienea katika bonde la Wensleydale, Uingereza. William Pickles, daktari wa vijiji vya huko, aliwajua watu wake kwa majina, na alijua nani alikutana na nani na siku gani. Kwa kuhesabu siku tangu kukutana hadi kuugua, alipata kwamba ugonjwa hujificha kati ya siku 26 na 35. Daktari wa wodini angempokea mgonjwa huyohuyo macho yakiwa tayari manjano, siku hizo zote zikiwa zimeshapita.