Je, wajua kwa nini mtu anayejua kuwa anaota bado huogopa?

Kuna gemu za kutisha ambazo mhusika wake amelala, na anajua kuwa amelala. Anatembea ndani ya nyumba isiyokwisha vyumba, nyuma yake kuna kitu kinamfuata, na tangu dakika za mwanzo mchezaji ameshaambiwa kwamba haya yote ni ndoto. Hapo ndipo wachezaji wanapotengana. Kwenye mabanda ya gemu ya Ng'ambo, Unguja, ambako wengi wanasubiri zamu ya mpira tu, gemu kama hii ikiwekwa hubishaniwa zaidi ya inavyochezwa. Lalamiko huwa ni lilelile: "Sasa bwana we, kama najua naota, nakimbia nini? Si niruke juu, au niamke zangu?" Na mara nyingi anatokea wa kumjibu kwa mkato: "Wewe hujakabwa wewe."

Lalamiko hilo lina mantiki. Mwenye kulitoa anaona mtunzi wa gemu amejiharibia mwenyewe: amempa mhusika ufahamu, kisha akamnyima uwezo unaotakiwa uje nao. Lakini sayansi ya usingizi, kwa kadiri ilivyofika, iko upande wa yule mwenye jibu la mkato.

Historia tuipite haraka. Ndoto ambayo mwotaji anatambua kuwa anaota (tuiite ndoto ya kujitambua) imeandikwa tangu zama za kale, lakini kwa muda mrefu wanasayansi waliiona kama porojo za watu waliolala nusunusu. Mambo yalibadilika mwaka 1975 katika chuo kikuu cha Hull, Uingereza. Mtafiti Keith Hearne alipatana na mwotaji hodari, Alan Worsley, kwamba akijitambua ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio waliokubaliana. Mashine zikaonyesha amelala fofofo, na macho yakatoa ishara. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, akafanya jambo hilohilo kwa njia yake. Tangu hapo hakuna anayeuliza kama ndoto hizi zipo.

Wala si za watu wachache. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti za takriban nusu karne wakapata kuwa kiasi cha asilimia 55 ya watu wamewahi kuota ndoto ya namna hii angalau mara moja maishani, na asilimia 23 huiota kila mwezi au zaidi. Takwimu hizo zinategemea watu kujisemea wenyewe, na binadamu akisimulia ndoto yake huwa hana shahidi, kwa hiyo tuzichukue kwa kiasi.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, kwa sababu limeota mizizi. Watu wengi huchukulia kujitambua ndotoni na kuitawala ndoto kuwa kitu kimoja: ukijua tu, basi wewe ndiye mwenye nyumba. Ni rahisi kuona imani hiyo inakotoka. Ndoto za kujitambua zinazosimuliwa ni zile tamu. Mtu akiruka juu ya bahari kutoka Nungwi mpaka Mkoani bila boti, asubuhi atamweleza kila atakayekutana naye. Aliyejua kuwa anaota, akajaribu kuruka, akashindwa, kisha akakamatwa, hana hamu ya kusimulia. Ongeza na video nyingi za mitandaoni zinazofundisha "namna ya kumiliki ndoto zako", na picha inakamilika: kujua ni ufunguo, na ufunguo unafungua kila mlango.

Tafiti zinasema vingine. Kujua ni jambo moja na kutawala ni jambo la pili, na hili la pili huja kwa kiwango tofauti kwa kila mtu na kila usiku. Yupo anayejua anaota lakini hawezi kubadili chochote isipokuwa pale anapotazama. Yupo anayeweza kuuhamisha mwili wake lakini hawezi kuwaamuru watu anaowakuta humo. Na yupo anayebaki mtazamaji tu, kama aliyekaa kwenye sinema na mkanda unaendelea. Hata waliofundishwa na kupewa kazi maalumu ya kufanya ndotoni, maabara ikiwasubiri, wengi hushindwa kuimaliza: wanaisahau, wanaamka kabla, au ndoto inawabeba kwingine.

Jambo lenyewe lina hata jina lake. Mwaka 2018 mtafiti wa Lithuania, Tadas Stumbrys, alichapisha uchunguzi kuhusu majinamizi ya kujitambua, yaani ndoto mbaya ambazo mwotaji anajua fika kuwa ni ndoto. Sifa zake kuu zilikuwa nne: hofu kali, kukosa udhibiti wa ndoto, viumbe wakatili ndani yake, na kushindwa kuamka kwa hiari. Uisome tena orodha hiyo. Ni muhtasari wa gemu ya kutisha neno kwa neno. Mtunzi aliyemnyima mhusika wake kitufe cha kuamka hakukosea.

Kwa nini basi ubongo ujue na bado uogope? Hapa inafaa kwenda polepole.

Chukua nyumba kongwe ya ghorofa kule Shangani. Ilijengwa kabla ya umeme, na umeme ulipokuja haukuingizwa kwa siku moja. Fundi wa kwanza alileta waya mpaka sebuleni. Miaka ikapita, mtoto wa mwenye nyumba akamwita fundi mwengine kwa ajili ya vyumba vya juu. Ukumbi wa chini ukapata laini yake, jiko la uani yake. Leo swichi iliyo sebuleni inawasha taa ya sebuleni, basi. Ya uani iko uani.

Ubongo wa anayeota uko karibu na nyumba hiyo. Ndoto kali kali huja zaidi katika usingizi wa REM, ule ambao mboni za macho huenda huku na huko chini ya kope. Picha za ubongo zilizopigwa tangu miaka ya 1990 zinaonyesha kuwa katika usingizi huo nyumba haiko gizani hata kidogo. Sehemu za hisia zinawaka, na miongoni mwao ni amigdala, kipande kidogo kilicho ndani ya ubongo kinachohusika sana na hofu. Taa ya uani, tuseme, inawaka kwa nguvu zote, na huko uani ndiko kwenye zogo. Sehemu iliyofifia ni ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupima mambo na kuuliza "hivi hili lina akili kweli?" Sebule ina giza, na mzee anayekaa humo amesinzia. Ndiyo maana ndotoni unazungumza na marehemu babu yako akiwa anaendesha daladala ya Bububu na hushtuki.

Mtu anapojitambua ndotoni, taa ya sebuleni inawaka. Mzee anafumbua macho, anasema, "Aa, kumbe hii ndoto." Amejua. Lakini kuwasha taa ya sebuleni hakuzimi ya uani. Zogo linaendelea kama lilivyokuwa, na swichi ya kulizima haiko pale alipokaa. Anachoweza ni kupiga kelele kutoka dirishani. Siku nyengine huko uani wanamsikia, siku nyengine hawamsikii. Hiyo ndiyo hali ya anayekimbizwa huku akijua hakimbizwi.

Mfano huu ni mzuri kuliko ushahidi wake, lazima niseme. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2012, unaotajwa sana kuonyesha sehemu za mbele za ubongo zikiwaka wakati wa kujitambua, uliwaingiza watu wanne kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, na ni mmoja tu aliyetoa data ya kutosha. Haishangazi: kulala ndani ya mashine inayogonga kama fundi bati, ukaota, ukajua unaota, kisha ukatoa ishara ya macho, si kazi ya kila mtu. Lakini ubongo wa mtu mmoja ni ubongo wa mtu mmoja.

Upo pia mwili, na hapa ushahidi ni imara zaidi. Katika usingizi wa REM shina la ubongo huilegeza misuli karibu yote, ili usije ukaamka umempiga teke mwenzako kwa mkwaju wa penalti uliouota. Inayoachwa ni michache: ya macho, ndiyo maana Worsley aliweza kutoa ishara, na kiwambo kinachovuta pumzi. Wakati mwengine ubongo huamka na ulegevu bado upo. Macho yanaona chumba, chandarua, dirisha, mkono hauinuki, kifua kizito, kwa sababu kupumua kunategemea kiwambo karibu peke yake, na ndoto haijamaliza kumwagika, kwa hiyo kuna mtu amesimama mlangoni. Hili ndilo kukabwa na jinamizi, na mapitio ya tafiti ya mwaka 2011 yalikuta kiasi cha asilimia 8 ya watu kwa jumla wamelipitia, na karibu asilimia 28 ya wanafunzi. Wanafunzi hulala vibaya, hilo halihitaji utafiti.

Anayekabwa yuko macho. Ana ufahamu kuliko mwotaji yeyote, na bado hana amri hata ya kidole. Ukitaka ushahidi kwamba kujua na kutawala ni vitu viwili, huu hapa.

Jambo moja dogo la kufurahisha: jinamizi hukaba zaidi aliyelala chali. Mabibi wa Unguja na Pemba, wanaowahimiza wajukuu walale ubavu wa kulia kama ilivyo sunna, wamekuwa wakitoa ushauri ambao maabara za usingizi hazina sababu ya kuupinga. Nia yao ni nyengine, sawa.

Na kwa kuwa tuko Zanzibar, kuna atakayeuliza: je, Popobawa, yule jini anayesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ndiye huyuhuyu? Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, na watu wakakesha nje kwa makundi, moto umewashwa, kwa kuogopa kulala ndani. Waandishi wa nje walirukia jibu jepesi: kukabwa usingizini, basi. Jibu hilo linaeleza kifua kizito na kivuli chumbani. Halielezi kwa nini mji mzima uingie hofu kwa miezi ileile, katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, kisha ipoe. Kukabwa ni kwa mtu mmoja mmoja. Hofu ile ilipita mtaa kwa mtaa, na anayetaka kuieleza itabidi atazame mtaani pia, si kitandani tu.

Turudi kwa wachezaji. Upo upande ambao lalamiko lao lina haki, ingawa si ule wanaoupigania. Gemu nyingi humfanya mhusika ajue anaota mwanzo mpaka mwisho, saa nane za mchezo. Kwenye ndoto halisi ufahamu huo hauna subira. Unakuja, unakaa dakika chache, unateleza. Mtu anasema "naota", anageuka kutazama bahari, na akigeuka tena ameshasahau na ameshaanza kutafuta viatu awahi skuli. Gemu ambayo ingemsahaulisha mhusika wake kile mchezaji anachokijua ingekuwa ya kweli zaidi, na pengine ya kutisha zaidi.

Vilevile ndoto haijafungwa kabisa kama gemu inavyodai. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilitoa ripoti ya pamoja ya watu 36 waliosemeshwa wakiwa katika REM. Mmoja aliulizwa nane toa sita. Akajibu mbili, kwa macho, bila kuamka. Katika majaribio 158 majibu sahihi yalikuwa kiasi cha asilimia 18 tu, lakini hata jibu moja lingetosha kushangaza.

Je, kucheza gemu kunampa mtu nguvu ndotoni? Mwanasaikolojia wa Kanada, Jayne Gackenbach, alilifuata swali hili kwa miaka mingi na kukuta kuwa wachezaji wakubwa huripoti ndoto za kujitambua, na udhibiti ndani yake, kuliko wasiocheza. Huenda kushika kidhibiti kila siku kunazoesha akili kuutawala mwili usio wake. Huenda pia wapenda ndoto ndio wapenda gemu, na hakuna kilichofundisha kingine. Kwa hojaji pekee huwezi kuyatenganisha.

Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba gemu huingia usingizini bila kubisha hodi. Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Harvard na wenzake waliwachezesha watu Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka kutoka juu, kisha wakawauliza wanaona nini usingizi unapowachukua. Wengi waliona vipande vikianguka. Miongoni mwao walikuwemo wagonjwa waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, watu ambao kila siku ilibidi waelezwe upya jinsi ya kucheza. Hawakukumbuka kuwa wamewahi kuiona gemu hiyo, na bado vipande viliwaangukia.