Maktaba na miti wapi na wapi? Tunayoyasikia hapa Dodoma na ukweli wake

Mbukwenyi wadau. Mi najitolea kwenye kimaktaba kimoja cha mtaani hapa Dodoma mjini, vyumba viwili na baraza, na kila Jumamosi asubuhi tuna kipindi cha mazingira, wanakuja watoto, kina mama, wazee wachache na siku nyingine bodaboda aliyekimbia jua. Sasa maneno tunayoyasikia kuhusu hiki kipindi ni mengi, mengine yanachekesha, mengine yanawarudisha watu nyumbani kabla hawajafika getini, nikaona bora niyaandike.

"Maktaba ni ya form four kusomea mtihani, mambo ya miti mpelekeeni bwana shamba"

Hili ndo la kila siku na simlaumu mtu, hata mimi nilikuwa naikumbuka maktaba mwezi mmoja kabla ya NECTA. Ila kazi ya maktaba ni kutunza maarifa na kuyaazimisha, kitabu ni njia mojawapo tu. IFLA, lile shirikisho la maktaba la dunia, linatoa tuzo kwa maktaba za kijani toka 2016, na kule Richmond, California, maktaba ya umma ilianza kuazimisha mbegu mwaka 2010: unachukua, unapanda, ukivuna unarudisha kidogo. Bwana shamba tunamhitaji na huwa tunamwalika, lakini yule ana kata nzima ya kuzungukia na pikipiki moja, mafuta anajua mwenyewe anayapata wapi.

"Dodoma ni jangwa"

Hapa naomba mnivumilie maana hili linaniuma. Jangwa kwa kawaida ni sehemu inayopata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka, Dodoma tunapata kama 500 hadi 600, hii ni nchi kame kiasi, sio jangwa. Na jina lenyewe la mji, wazee wa Kigogo wanasimulia lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye matope akienda kunywa maji, sasa jangwa gani hilo linalozamisha tembo jamani?

Shida yetu ni kwamba mvua inakuja kwa miezi michache, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, tena inashuka kwa fujo, inakuta ardhi imekauka imekuwa ngumu kama sakafu, maji yanakimbia juu juu yanaingia korongoni na udongo mzuri yanaondoka nao. Wiki moja baadae tunalia ukame. Jumamosi moja tuliwapa watoto trei mbili zenye udongo, tukaziinamisha, moja tukaiacha wazi, ya pili wakachora kwa vidole vimatuta vya nusu mwezi, upande ulio wazi unaangalia juu mlimani, halafu wakamwagia maji kwa kopo lililotobolewa. Trei ya kwanza ikatoa maji mekundu karibu yote chini, ya pili maji yakakaa kwenye vile vinusu mwezi yanazama taratibu. Hakuna aliyehutubia, kuna dogo mmoja akasema tu "kumbe shamba letu linavuja".

Na sio nadharia za trei tu. Kondoa kulikuwa na mmomonyoko wa kutisha, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza 1973 na mwaka 1979 mifugo ikatolewa kwenye eneo lililoharibika, uoto ukarudi. Haikuwa rahisi maana watu waliambiwa wahame na ng'ombe wao na maumivu yake wapo wanaoyasimulia mpaka leo, lakini anayesema ardhi ya huku ikishakufa imekufa, aende Kondoa akaone.

"Mazingira maana yake kupanda miche na kupiga picha"

Tulifanya hivyo hivyo mwaka wetu wa kwanza, nakiri. Tulipata miche 40 ya bure, tukapanda siku moja na tisheti tumevaa, picha zikaenda kwenye magroup yote. Mvua ikakata mapema, mbuzi wa jirani wakaja (kwenye picha hawakuwepo) na tulipokuja kung'oa iliyokufa tukakuta mingine ilipandwa na kiriba chake cha nailoni, mizizi imejikunja mle ndani kama tambi. Ilipona mitatu, yote mwarobaini.

Baada ya aibu hiyo ndo tukageukia kisiki hai. Dodoma wengi mmeshaisikia maana mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit wameifundisha vijijini kwa miaka kadhaa sasa, na njia ya aina hiyo ilianza kupata umaarufu Niger miaka ya 80 kupitia Mwaustralia anaitwa Tony Rinaudo. Hupandi kitu. Unatafuta kisiki ambacho bado kina uhai, kile kinachochipua kichaka kila mvua halafu mnakifyeka, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unakata, yale uliyobakisha unapogolea matawi ya chini, unafunga kitambaa ili mwenye panga na mwenye mbuzi wajue huu una mwenyewe, basi. Mizizi ipo chini siku nyingi na maji inajua yalipo, kwa hiyo mti unakimbia kwa spidi ambayo mche wa kiriba hauiwezi. Ila ulinzi usipokuwepo hamna kitu, hapo ndo kazi ilipo.

"Popo kwenye mbuyu ni uchawi"

Mama mmoja alimzuia mwanae asije kwa sababu tulitangaza tutaenda kuangalia mbuyu jioni. Ua la mbuyu ni jeupe, kubwa, linaning'inia, linafunguka jioni na kesho yake linaanguka, na harufu yake sio ya manukato hata kidogo. Limetengenezwa hivyo kwa ajili ya wageni wa usiku, na mgeni mkubwa ni popo wala matunda, anakuja kunywa asali ya ua anaondoka na unga wa chavua kifuani mpaka ua lingine. Kwa hiyo ule ubuyu wa rangi unaomnunulia mtoto, shukrani zako mpe popo. Yule mama alikuja Jumamosi iliyofuata, akakaa mbali, akaangalia, akasema "mh". Tukaridhika na hiyo mh.

"Mbegu yoyote ukivuna unaweza kuweka ya mwakani"

Hapana, na watu wanaumia sana na hili. Mahindi chotara ukivuna ukapanda tena, hayatoki kama ya kwanza, yanachanganyika na mavuno yanashuka. Uwele, mtama na kunde za asili hizo unaweza kutunza. Kwenye kaunta yetu tuna madebe ya plastiki yaliyokuwa ya mayonezi, tumeandika mbegu gani, ya nani, imevunwa lini, bibi mmoja akatufundisha kuchanganya na majivu makavu kwa ajili ya wadudu. Kabla hatujamuazimisha mtu tunachukua punje kumi tunafunga kwenye kitambaa kibichi siku chache tunaangalia ngapi zimeota, zikiota tatu hatumpi mtu hiyo. Na hatuuzi, maana kuuza mbegu isiyothibitishwa ni kosa chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003, anayetaka mbegu iliyothibitishwa ya mtama tunamwelekeza kwa watafiti wa kilimo wa TARI Hombolo.

Kuna wanaosema uwele na mtama ni chakula cha njaa. Huyo ni mtu wa kuja, hajala ugali wa uwele na mlenda, hatutamjibu.

"Jiko la presha la umeme litamaliza Luku"

Fupi: tulipika maharage barazani, tukasoma mita kabla na baada, hata unit moja haikufika. Kina mama wakataka turudie, tukarudia. Yalowekwe usiku lakini.

"Lazima mpate mfadhili kwanza"

Trei, makopo, majivu, wazee. Mzee mmoja anaijua migunga kwa majina ya Kigogo na kila mmoja dawa yake au kazi yake, sisi tunaandika kwenye counter book na hiyo daftari sasa ndo inaulizwa kuliko vitabu vya rafu nzima. Gharama yake ilikuwa kalamu, na shikamoo.

Jumamosi hii tunapogolea kisiki cha mkwaju kilichopo nyuma ya choo. Mwenye panga kali aje nalo, la kwetu mpini umelegea.