Kutia dawa kisima: maana yake na mipaka yake

Mvua zikikatika huku Uyole, Mbalizi na Tukuyu, hukosi kumsikia mtu akitamba: "Sisi kisima chetu kimeshatiwa dawa." Anamaanisha kwamba maji yale ni ya kunywa moja kwa moja, mpaka mvua nyingine. Sivyo.

Kutia dawa kisima ni kumwaga klorini nyingi kwa mpigo, kama miligramu 50 kwa kila lita, ili kuua vijidudu vilivyomo majini, kwenye kuta, pampu na kamba. Unakiacha kilale usiku kucha, halafu unavuta maji na kuyamwaga mbali na bustani hadi harufu ikatike. Maji ya kunywa hubakizwa klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 tu kwa lita, kwa hiyo yale ya kisimani siku hiyo hayanywewi kabisa.

Tatizo ni pale watu wanapoifanya dawa hii kuwa chanjo. Klorini haibaki kukilinda kisima. Uliyoitia umeivuta na kuimwaga, na maji mapya yanaendelea kupenya kutoka ardhini. Kama choo cha jirani kiko juu yako mlimani, na kwetu huku nani hana jirani wa juu, au kama mfuniko umepasuka na maji ya mvua yanaingia, vijidudu vinarudi hata wiki hiyohiyo na havikuti dawa yoyote. Kilichotibiwa ni kisima, kwa siku ile. Maji ya kunywa yana tiba yake, ndoo kwa ndoo: kuyachemsha, au kuyatia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kusafisha nako kunachanganywa humuhumu. Fundi akizoa tope amesafisha, hajaua kitu. Ila lazima atangulie yeye, maana klorini huishia kwenye uchafu kabla haijavifikia vijidudu. Wanaomimina dawa juu ya tope wanalidawia tope.

Halafu kuna wanaomimina vifuniko viwili vya jiki kisimani wakidhani vinatosha. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 2 kina lita kama 2,260. Hapo panahitajika gramu 113 za klorini, yaani gramu 160 hivi za ule unga wa dawa ambao asilimia 70 yake ni klorini. Na kwa baridi ya Makete au Njombe usiharakishe kuvuta, kwa sababu klorini hufanya kazi polepole zaidi kwenye maji ya baridi.

Kwa hiyo mgeni akiuliza kama maji yenu yana dawa, mwambieni tu ilivyo: kisima kilitiwa dawa mwezi wa tano, na ya kunywa tunachemsha.