Je, Wajua? Kimeng'enya cha Ubongo Kinachotengenezwa na Seli za Figo

Ukisikia kwamba watafiti wa dawa za ubongo hununua kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) cha ubongo wa binadamu kikiwa ndani ya kichupa, mawazo yanakimbilia mochari. Yarudishe. Hakuna fuvu lililopasuliwa wala maiti aliyechokonolewa. Kimeng'enya chenyewe, asetilikolinesterasi, mara nyingi hutoka kwa seli za figo. Naam, figo: ukoo wa seli uitwao HEK 293, ulioanzishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, ambao hadi leo unazaana maabara bila kuchoka.

Figo imejuaje kazi ya ubongo? Mtazame fundi cherehani wa soko la Kibuye, Kisumu. Hushona sare za shule ambayo hajawahi kukanyaga. Kitambaa anacho, mashine anayo. Mpelekee tu sare moja ya mfano. Seli ya figo pia ina malighafi yote. Hata jeni ya kimeng'enya hicho inayo, ila haishughuliki nayo sana. Watafiti huiingizia nakala nyingine, iliyofungwa kwenye swichi isiyozimwa, nayo hushona usiku na mchana. Bakteria ni fundi wa bei nafuu, lakini hajui kudarizi beji: zile sukari zinazobandikwa juu ya kimeng'enya zinamshinda.

Kazi ya asetilikolinesterasi ni kuvunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kemikali hiyo hupungua, hivyo dawa kama donepezil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, hukiziba kimeng'enya ili kemikali kidogo iliyobaki idumu. Kupima dawa mpya hutumika mbinu ya Ellman ya mwaka 1961: kimeng'enya kikifanya kazi, maji hugeuka manjano, kikizibwa, rangi hufifia.

Ajabu ni kwamba pirimifosi-methili, dawa ya wadudu iliyopuliziwa kwenye kuta za nyumba Migori, Kenya, kupambana na malaria, humuua mbu kwa kuziba kimeng'enya cha aina hiyohiyo. Tofauti ya dawa na sumu hapa ni kiasi, na jinsi kizibo kinavyong'ang'ania.

Kichupa, hata hivyo, si kichwa. Dondoo za majani mengi ya miti huzuia rangi ya manjano maabara, yaani hukiziba kimeng'enya, lakini damu na ubongo vimetenganishwa na ukuta ambao kemikali nyingi hazivuki. Donepezil huvuka, na bado hupunguza dalili tu. Seli za ubongo zinaendelea kufa.