Karati 24 si daraja la ubora

Nilipooa nilimwambia sonara wa Kariakoo maneno anayoyasikia kila siku: "Fundi, nataka pete ya dhahabu, ile safi kabisa, ishirini na nne." Akaniangalia, akaniuliza mara mbili, akanitengenezea. Miezi michache ya kuning'inia kwenye bomba la daladala za Mbagala ikatosha kuigeuza pete yangu yai.

Kosa langu lilikuwa kudhani karati ni daraja la ubora. Ni hesabu tu ya dhahabu iliyomo katika kila sehemu 24. Karati 24 ni asilimia 99.9 na zaidi, 22 ni kama 91.6, 18 ni 75. Ndiyo maana ndani ya pete unakuta chapa ya 916 au 750, yaani sehemu hizo kwa kila elfu. Dhahabu safi ni laini. Kwa kidani cha kutolewa siku ya harusi tu haina neno, lakini kwa vikucha vya kushikia jiwe, siku moja utaangalia kidole na jiwe halipo.

Hapo inazaliwa dhana nyingine, ya kwamba sonara akitia shaba ili dhahabu iwe ngumu, amekuibia. Chukua gramu 11 za dhahabu safi, ongeza gramu moja ya fedha na shaba, unapata gramu 12 za karati 22. Hiyo ni kazi ya ufundi. Wizi ni pale anapokuuzia gramu hizo 12 kwa bei ya karati 24.

Wapo wanaoing'ata dhahabu kujua kama ni ya kweli: madini ya risasi nayo ni laini, meno yako hayatajua tofauti. Sumaku nayo haivuti shaba wala fedha, kwa hiyo kutovutwa si ushahidi. Sonara husugua pete kwenye jiwe jeusi, ikabaki alama nyembamba ya njano, kisha anadondosha tindikali. Alama ya shaba inatoka povu na kufutika. Ya dhahabu inabaki. Ila jiwe linasoma ngozi ya juu tu, na pete ya shaba iliyochovywa dhahabu nene inaweza kupita. Ukiwa na shaka, ipime ndani ya maji: pete ya dhahabu safi yenye gramu 9.65 ikizamishwa husukuma nusu gramu ya maji. Ya shaba yenye uzito huo husukuma zaidi ya gramu moja.

Wengine husema dhahabu safi haifanyiki kazi. Kinyume chake! Haiwi nyeusi motoni, haipasuki kwa nyundo, na gramu moja huvutwa ikawa waya wa zaidi ya kilomita mbili. Taabu iko kwenye kuunga: lehemu ya kawaida hushusha usafi na kuacha mstari wa rangi tofauti, kwa hiyo fundi stadi huyeyusha ncha zenyewe zishikane, huku akichunga moto usifike nyuzi 1,064 mahali pasipotakiwa.

Pete yangu iliyogeuka yai, yule sonara wa Kariakoo aliichomeka kwenye fimbo ya chuma, akaigonga kwa nyundo ya mti, ikarudi duara kabla sijakaa vizuri kwenye benchi. Hakunitoza kitu. "Utarudi tu," akasema. Nimerudi mara mbili.