Umbo la tairi la baiskeli ya milimani

Wengi wetu tukienda kununua tairi tunatazama upana na kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyoshika ardhi, basi. Lipo jambo la tatu, na kwenye kona ndilo lenye usemi mkubwa: umbo. Chukulia tairi limekatwa kama unavyokata ndizi, kisha ulitazame pale kwenye mkato. Mgongo wake ni wa duara, au umelala bapa ukaacha mabega mawili pembeni?

Tairi la duara hulala kidogo kidogo. Ukiinamisha baiskeli, kashata za katikati zinaachia, za pembeni zinapokea, na wewe husikii zinapopokezana. Ni jepesi kugeuka.

La mabega lina tabia yake. Likiwa wima hutulia, na hushika vizuri ukifunga breki au ukipanda mlima. Likilazwa nusu linaanza kuteleza, hasa kwenye changarawe iliyotanda juu ya udongo mgumu, kwa sababu hapo umekalia ule mtaro ulio wazi kati ya kashata za katikati na za pembeni. Laza zaidi, safu ya pembeni inang'ata ardhi na baiskeli inatulia kama imeshikwa na mkono. Tairi hili linamtaka mtu asiyeishia katikati. Anayeanza namshauri la duara.

Kinachosahauliwa ni ringi. Tairi lilelile la inchi 2.4, kwenye ringi yenye upana wa ndani wa milimita 21, hubanwa chini likavimba kama balbu. Lihamishie kwenye ringi ya milimita 30: kuta zinasimama, mgongo unalala. Ringi ikizidi upana, kashata za pembeni hugusa ardhi hata baiskeli ikiwa wima, na ukuta wa tairi unabaki wazi kwa mawe. Ndiyo maana tairi alilosifia rafiki yako linaweza kukuangusha wewe.

Upepo nao hubadili mambo. Ukijaza sana, tairi hugusa kwa ukanda mwembamba. Ukipunguza mno, linayumba kwenye kona na ringi inagonga mawe. Kabla hujatoka, lowesha tairi, panda baiskeli, pita polepole juu ya saruji kavu, kisha ushuke utazame alama ya maji. Hesabu ni safu ngapi za kashata zimejichora.